Leopard 2A6 ya plastiki: kosa unaloliona leo ulilifanya wiki iliyopita

Nianze na magurudumu maana ndo yaliyonitoa machozi. Leopard 2A6, kifaru cha vita cha Mjerumani, mfano wa plastiki wa skeli ya 1/35, yaani mdogo mara 35 kuliko cha kweli, nimeijenga miezi mitatu, usiku usiku nikitoka kazini, rangi zote tatu zimekaa vizuri, stika zimelala, imebaki tu kupitisha ile mimi naiita maji machafu, yaani rangi ya mafuta iliyolegezwa sana na tapentaini, unaipitisha kwenye kona na mifereji ili vivuli vijitokeze. Kule chini nikamwagia kwa raha zangu, nani ataona, nikaenda kulala. Asubuhi nanyanyua kifaru, magurudumu matatu yakabaki mezani. Na wala sio gundi iliyoachia, mikono yenyewe inayobeba magurudumu ndo imekatika, katikati, kama biskuti.

Nikalaumu tapentaini, nikalaumu plastiki, paka naye akalaumiwa. Kumbe kosa nililifanya wiki sita nyuma, siku ile naikunja hiyo mikono kwa nguvu ikae sawa wakati gundi imeshakauka. Ndo maana hapa nakwenda kwa dalili lakini kwenye kila dalili nakurudisha nyuma hatua mbili tatu, sababu kwenye hii kazi kitu kinajionyesha kwenye rangi wakati kilizaliwa kwenye kuosha, kinajionyesha kwenye stika wakati kilizaliwa kwenye rangi.

Halafu, ile seti ya vipande vya kujenga, mimi nasema boksi. Lile neno la kizungu, kit, ukiliswahilisha linakuwa kiti, na siku nilipomwambia mke wangu nimenunua kiti kipya aliniuliza tunakiweka wapi.

Mikono ya magurudumu inakatika yenyewe

Plastiki ya haya maboksi ni polistairini. Ikiwa imetulia na ina rangi juu yake, tapentaini haiifanyi kitu cha maana. Ila ikiwa imekunjwa au imebanwa, halafu iko tupu haina rangi, kile kimiminika kinaingia kwenye vinyufa ambavyo jicho halioni na kinaipasua kutokea ndani. Leopard ina magurudumu saba kila upande kwa hiyo mikono 14, na nyuma ya kila mkono ebrashi, yaani kile kibunduki cha kupulizia rangi, haifiki vizuri, hapo ndo pamebaki wazi na wewe huna habari.

Kipande kilichokatika kiangalie vizuri. Mpasuko ukiwa mkavu na msafi, kwenye shina karibu na bodi, hiyo ni tapentaini. Ukiwa pale pale kwenye maungio na kuna utando unang'aa kama nta iliyoyeyuka, basi gundi ulizidisha au hukuipa muda, tapentaini haihusiki. Vyovyote iwavyo usirudishie kwa gundi peke yake, kitakatika tena. Toboa pande zote mbili na biti ya milimita 0.5, ingiza kipande cha waya mwembamba wa gitaa, tone moja la supaglu. Vyangu vitatu vimesimama hivyo mpaka leo na mmoja uko pinda kidogo, nimeuacha. Boksi linalofuata piga praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, kule chini kote, ukigeuza kifaru kila upande, hata kama unajua hakuna atakayeangalia, na maji machafu yapitishe kwa ncha ya brashi, usimwage.

Kifaru kinayumba kama meza ya mama ntilie

Kiweke juu ya kigae cha sakafuni au kioo, gusa kona moja. Kikicheza, rudi kwenye bodi tupu kama bado hujafunga mambo mengi, maana mara nyingine ni bodi lenyewe limepinda tangu kiwandani au lilipobanwa kwenye mzigo. Hilo linanyooka: maji ya chai yaliyotoka kuchemka yaache dakika chache, lizamishe, lipinde kuelekea upande wa pili kidogo kidogo, shikilia, peleka kwenye maji baridi. Usiwe na haraka, likilegea sana utapata bodi la ndizi.

Bodi likiwa limenyooka basi ni mkono mmoja au miwili, na mara nyingi sababu ni kipele cha plastiki kilichobaki pale ulipokata kwenye fremu, ile miti ya plastiki inayoshikilia vipande ndani ya boksi, kinazuia mkono usiingie mpaka mwisho wa tundu lake. Kata, piga msasa, jaribu pakavu bila gundi. Halafu bandika mikono yote 14 kwa mkupuo mmoja na gundi inayochelewa kukauka, vika magurudumu bila gundi, kalisha kifaru kwenye kigae, weka vitabu viwili vizito juu, ondoka. Kesho yake yote yamegusa chini. Hiki ndo kitu nilichokiruka mimi.

Na usije ukahangaika kulinganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia. Hayalingani, na ya kweli hayalingani pia. Springi za Leopard ni vyuma virefu vinavyojisokota, vimelala sakafuni kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili, na viwili haviwezi kukaa sehemu moja, kwa hiyo vinalala sambamba na upande mmoja magurudumu yanasogea kidogo. Nilishaanza kukata siku moja nikidhani boksi limekosewa. Bahati betri ya simu ilikuwa na chaji nikaangalia picha kwanza.

Mnyororo haukai

Kama ni ule wa mpira na umekaa juu ya magurudumu umesimama kama upinde wakati unatakiwa kulala, shukuru Mungu Leopard ina mabamba ya ubavuni yanayoficha juu kote. Funga na uzi kwenye virola vya juu, tone la supaglu, habari imeisha. Ila usiuache ukigusa plastiki tupu miezi na miezi, mpira mwingine unatoa mafuta yake na kuyeyusha plastiki taratibu, piga rangi magurudumu kwanza.

Ule wa kipande kimoja kimoja shida yake ni idadi. Karatasi inasema vipande kadhaa, wewe ukiweka hivyo hivyo unakuta unavuta mpaka gurudumu la mbele linainama, au umelegea kama mkanda wa mzee. Chukulia hiyo namba kama pa kuanzia tu, upande mmoja unaweza kutaka kipande zaidi. Bandika mstari mzima kwenye tepu, subiri gundi iwe nusu imekauka, kama nusu saa hivi, zungushia wakati bado inakubali kupinda.

Mtutu: mstari unarudi, na tareti inainama

Mtutu wa 2A6 ndo uzuri wake wote, ni ule mzinga wa kampuni ya Rheinmetall wa milimita 120 L/55, yaani urefu wake ni mara 55 ya hiyo 120, mita 6.6, ambayo kwenye skeli yetu ni kama sentimita 19. Jicho la mtu linaanzia hapo. Sasa boksi likikupa mtutu wa nusu mbili, unabandika, unapiga putti, unasugua mpaka kioo, unapaka rangi, safi kabisa, wiki mbili baadaye mstari uleule umerudi kama kovu.

Chanzo ni haraka. Gundi ya plastiki inayeyusha kingo zote mbili, na zile kingo zinaendelea kukauka na kunywea kwa siku kadhaa hata kama kwa mkono unahisi ngumu. Ukisugua siku hiyo hiyo unasawazisha kitu ambacho bado kinashuka. Putti nayo ni hivyo hivyo, ukiipaka nene juu inakauka na ndani bado. Bandika, bana mpaka kiuji kidogo cha plastiki kitokee kwenye mstari wote, halafu kiache siku tatu nne ufanye tareti, kile kichwa cha juu kinachozunguka na mtutu. Kata kile kiuji kwa wembe, msasa wa maji 400, kisha 600, kisha 1000, ukizungushia mtutu, usisugue upande mmoja utakuwa bapa. Ukitaka njia ya mkato jaza kwa supaglu badala ya putti maana hainywei, ila isugue ndani ya lisaa limoja, ikilala inakuwa ngumu kuliko plastiki ya pembeni na msasa unakula pembeni.

Wengine wananunua mtutu wa chuma kabisa. Mzuri, haupindi na hauna mstari, lakini uzito ule wote uko mbele na kifaru kinaanza kuinamisha pua kama kinatafuta sarafu. Nyuma ya tareti kuna nafasi kubwa tupu. Nenda kwa wanaouza vifaa vya kuvulia, nunua chubwi mbili tatu za kuzamishia ndoano, zibandike humo ndani kabla hujafunga tareti. Kabla, sio baada.

Rangi inabanduka na tepu

Umepaka kijani, umeweka maskin tepu upige kahawia, unavua tepu inakuja na kijani mpaka plastiki inachungulia. Kila mtu anailaumu tepu. Tepu ina kosa dogo, ibandike kwenye suruali ya jinzi mara mbili tatu ipunguze ukali. Kosa kubwa ni fremu hukuziosha siku ile umefungua boksi. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kuachia umbo, na juu yake umeongeza jasho la vidole vyako wiki nne. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, suuza, acha ikauke yenyewe. Kifaru kikishajengwa osha tena kabla ya praima. Nataja praima kama kitu cha lazima maana vipande vya shaba, vile vyembamba vya urembo vinavyokuja na baadhi ya maboksi, havishiki akriliki bila praima hata ukiomba dua.

Praima ya kopo ya magari inafanya kazi na ni rahisi kuipata, ila jaribu kwanza kwenye fremu tupu. Baadhi zina thina kali inakula plastiki na zile bolti ndogo ndogo zinabaki kama sabuni iliyotumika.

Ukiona vitundu vya mviringo, rangi imekimbia katikati, hapo ni mafuta. Kama umeosha na bado vinatokea, nusa kompresa yako. Wengi tunatumia kompresa ya friji lililokufa, iko kimya na majirani hawalalamiki, lakini ile mashine kwa asili yake inazunguka na oili ndani na inaitema kidogo kidogo kwenye mpira. Weka chujio, halafu piga hewa tupu kwenye kioo dakika moja uone kinachotua.

Ukungu mweupe

Hii ndo dalili inayowapata watu wa Pwani kuliko wote na vitabu vya wenzetu wa baridi vinaipitia juu juu tu. Unapiga vanishi, mbele ya macho yako kifaru kinakuwa cheupe kama kimepakwa poda.

Zipo tatu na hazifanani, kwa hiyo kwanza angalia ukungu uko wapi. Ukiwa umetanda kote, laini, na ulikuwa unatumia rangi au vanishi ya thina kali, huo ni unyevu. Thina ikikimbia haraka inapoza uso wa plastiki, hewa yenye maji ikigusa pale mvuke unageuka matone, maji yananasa ndani ya rangi. Dar wakati wa masika hata usibishane nayo. Mimi nilikuwa naamka alfajiri kupiga vanishi nikijua ndo hewa imetulia, kumbe alfajiri ndo hewa imebeba unyevu mwingi kuliko saa yoyote. Siku hizi napiga kati ya saa tano na saa tisa mchana, jua limeshakausha hewa kidogo, matabaka membamba, napumzika katikati. Ukungu ukishatokea usisugue. Subiri siku kavu, pitisha tabaka jembamba la thina inayochelewa kukauka, lile tabaka linalegea, maji yanatoka, weupe unaondoka wenyewe, unaona kama muujiza.

Ukiwa umejaa kwenye kona na mifereji tu na ulikuwa unapiga vanishi ya kufifisha, hiyo ni ile unga ya kufifisha, hukutikisa chupa vya kutosha au umeipiga nzito ikajaa mabondeni. Pitisha vanishi ya kung'aa juu yake, ule weupe unapotea, halafu rudia ya kufifisha kwa adabu.

Ukiwa umezunguka kipande kimoja, hasa vioo vya periskopu au kipande cha shaba, ni mvuke wa supaglu umetua. Kwenye rangi unafuta au unapaka juu. Kwenye kioo umeumia. Vioo vyote, na hasa lile dirisha la EMES 15, darubini ya mlenga shabaha, upande wa mbele wa tareti ambalo kila mtu anachungulia, bandika na gundi nyeupe ya mbao, inakauka bila rangi na ukikosea inatoka na maji.

Rangi ina chenga ukiigusa

Ebrashi iko mbali, au joto, rangi inakaukia njiani inatua kama vumbi. Sogea, ongeza kilegezi, shusha presha. Usiku na feni ikiwa inakupiga ubavuni ni hivyo hivyo, zima feni vumilia.

Stika zinang'aa pembeni

Ule msalaba wa Bundeswehr, jeshi la Ujerumani, na namba, ukiziangalia upande zina fremu ya fedha. Hewa imenaswa chini kwa sababu rangi ya chini ni kavu yenye vipele. Piga vanishi ya kung'aa kwanza pale stika itakapokaa, tumia Micro Set chini na Micro Sol juu, vile vimiminika vya kulaza na kulainisha stika, usiiguse wakati imejikunja, itajinyoosha. Iliyokwisha kukauka ichome vitundu kwa sindano, Micro Sol tena, mara tatu nne ikibidi. Namba ikitakiwa kukaa juu ya sehemu yenye chenga za kuzuia kuteleza, huko stika haitakubali hata iweje, chonga kistensili cha karatasi upige rangi.

Na tukiwa hapo hapo: juu ya bodi na tareti askari wanakanyaga, kwa hiyo kuna ule mkwaruzo wa kuzuia kuteleza, na boksi likiwa halina wengi wanamwaga mchanga na kifaru kinafanana na ukuta uliopigwa plasta. Chenga ya milimita moja kwenye kifaru cha kweli kwetu ni milimita 0.03, hiyo hata huioni, unaihisi tu kama rangi imefifia. Chukua Mr. Surfacer 500, praima nzito ya chupa, ikiwa nzito kidogo, brashi ngumu iliyokatwa, gonga gonga. Ikitokea imezidi, msasa wa 600 mara mbili, imekaa. Ziba vifuniko na bawaba na tepu kabla, huko hakupakwi.

Kifaru kimekuwa cheusi

Rangi za Mjerumani, kwa namba zao za RAL, yaani orodha ya rangi ya Kijerumani, ni RAL 6031 ya kijani, 8027 ya kahawia na 9021 nyeusi, na ukinunua chupa zenye namba sahihi kabisa ukazipiga kama zilivyo, ukiweka kifaru kabatini unaona tonge jeusi. Hujakosea namba. Kitu kidogo kinarudisha mwanga mdogo na jicho linakisoma kama cheusi zaidi, na bado utaongeza maji machafu yatakayokifanya cheusi tena. Ongeza rangi ya mkate mkavu kwenye kijani na kahawia, kama tone moja kwa kumi, na nyeusi isiwe nyeusi, iwe kama lami ya zamani. Mwenzio nilirekebisha baada ya kumaliza kwa kupitisha vumbi jembamba la ebrashi kote, ikasaidia nusu.

Mipaka ya rangi wanaipiga kwa bunduki ya rangi wakifuata ramani moja, kwa hiyo kwenye skeli yetu inakuwa karibu kali kabisa, ukungu wa nusu milimita. Kuzibia natumia ule udongo wa kubandikia mabango ukutani, nauviringisha kama nyoka. Nilijaribu unga wa chapati siku ule udongo umeisha. Una mafuta. Rudi juu kwenye vitundu vya mviringo.

Matope yanaonekana ya uongo

Vumbi letu jekundu ni zuri lakini hicho kifaru kiko Munster, kule Ujerumani wanakofanyia mazoezi ya vifaru, kwenye mchanga wa kijivu na matope ya kahawia iliyofifia. Ukipaka wekundu wa Dodoma mtu anajua kuna kitu hakikai ingawa hajui nini. Na unga wa rangi ukipotea ukiuweka gundi, kawaida hiyo, kimiminika kinauzamisha. Weka mara mbili, ya kwanza ishike, ya pili uipake kavu na usiiguse tena.

Antena zinavunjika

Ziko mbili, nyuma ya tareti. Za boksi ni nene kama msumari na zitavunjika tu. Vuta kipande cha fremu juu ya mshumaa mpaka kiwe uzi, au chomoa nailoni moja ya fagio la plastiki, iparue ncha na wembe. Tundu litoboe mapema kabla ya rangi, ila antena yenyewe ichomeke bila gundi siku kifaru kinaingia kabatini, ukiwa umeshamwambia aliyeko nyumbani kwamba hilo kabati halifutwi vumbi.